Duka likitoweka kwenye kumbukumbu, si lazima lilifilisika

Wanaofuatilia maduka ya kwanza ya miji midogo ya Marekani huteleza hapa sana: jina la duka likikatika kwenye magazeti ya zamani, wanaandika "lilifungwa" na kusonga mbele. Mara nyingi mwenye duka alikuwa amehama tu.

Chukua Nicodemus, Kansas, mji ulioanzishwa mwaka 1877 na Weusi waliotoka utumwani, wengi wao kutoka Kentucky. Zachary Fletcher alikuwa na duka na ndiye aliyekuwa msimamizi wa posta wa kwanza. Kufikia 1887 mji ulikuwa na magazeti mawili, Western Cyclone na Enterprise, yenye matangazo ya biashara. Kisha mwaka 1888 reli ya Union Pacific ikapita kusini ya Mto Solomon, mji ukaachwa pembeni. Wafanyabiashara kadhaa wakavuka mto kuifuata reli, kwenye kambi iliyogeuka kuwa mji wa Bogue. Ukitafuta "Nicodemus" peke yake, utawazika watu walio hai!

Kwa hiyo fuata jina la mtu, usifuate jina la mji. Sensa ya 1890 haitakusaidia, maana karibu yote ilipotea kufuatia moto wa 1921. Kwa miji iliyochorwa humo, ramani za Sanborn, zilizotengenezwa kwa ajili ya bima ya moto na kuonyesha kila jengo, ni dhahabu: jengo la matofali lina rangi ya waridi, la mbao njano. Njano ya toleo moja ikiwa waridi kwenye linalofuata, jengo limejengwa upya; mwenye duka huenda ni yuleyule.