Limiti ya kwenye simu si limiti ya bili

Naandika haya ili nipate kitu cha kumtumia mtu badala ya kurudia maneno yaleyale. Haupiti mwezi bila mhasibu wa hoteli fulani hapa Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi, kunipigia akiwa na bili ya simu za wafanyakazi mkononi: "Sheikh wangu, si tuliweka limiti?" Namuuliza mliiweka wapi. "Kwenye simu." Hapo ndipo natafuta kiti nikae.

Ile limiti ya data iliyomo kwenye mipangilio ya Android ni mambo baina ya simu na mwenye simu. Kampuni ya mtandao haina habari nayo. Simu inajihesabia yenyewe, na inakwambia wazi, kwa maandishi ambayo hakuna anayeyasoma, kwamba hesabu yake huenda isilingane na ya kampuni. Usipoilinganisha tarehe na mzunguko wa bili, simu inafunga mwezi wake na kampuni inafunga wake. Ni ya laini moja tu, ya pili ina yake. Haigusi dakika, haigusi meseji, haigusi zile huduma za kujiunga, za kutabiriwa nyota na habari za mpira. Na kubwa kuliko yote: ikifika, data inajizima, halafu mfanyakazi yuleyule uliyetaka kumbana anaiwasha tena kwa kidole kimoja. Umemfungia mtu mlango ukampa na ufunguo.

iPhone haina hata hiyo. Ina kaunta tu, na kaunta yenyewe hairudi sifuri mwezi ukiisha mpaka mtu aiguse. Tena ina kile kipengele kinachohamia data ya simu Wi-Fi ikilegea, na hoteli zetu za pwani mwazijua Wi-Fi zake. Kizimeni.

Wenye laini za vocha hawana haja ya kusoma sana: salio lako ndilo limiti yako. Angalieni tu bando likiisha data isiendelee kulamba salio la kawaida.

Turudi kwa wenye mikataba, wanaotumia kwanza na kulipa bili baadaye. Limiti inayogusa bili inakaa upande wa kampuni, kwenye akaunti, na anayeiomba ni yule mwenye mamlaka ya akaunti kwa mujibu wa mkataba. Meneja wa zamu hawezi. Mtoto wa mwenye hoteli hawezi, hata akija na gari kubwa.

Sasa linaloniudhi khasa. Mtu akishaiweka limiti mahali pake, anaamini amejenga ukuta. Ukimuuliza limiti hiyo inahesabu nini, anakutazama kama umemtukana. Zipo limiti za onyo, ambazo zinatuma meseji na kuacha matumizi yaendelee, na zipo za kukata. Mara nyingi inachohesabiwa ni kile kinachozidi kifurushi, si ada ya mwezi, kwa hiyo bili ya mwisho itakuwa kubwa kuliko namba uliyoandika na hakuna aliyekuibia. Kuna ya kabla ya kodi na ya baada ya kodi. Huduma za kujiunga zinaweza kuwa na mlango wao mwengine kabisa wa kufungia. Hata ndani ya nchi, mtambo hauhesabu tone kwa tone: unaikatia simu fungu la data, likiisha unaikatia jengine, kwa hiyo kuruka limiti kidogo ni jambo la kawaida. Kidogo, nimesema.

(Na kwa mara ya mwisho: kuvuka kwenda Dar si romingi, yaani kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyengine. Ni nchi moja, mtandao mmoja, 255 moja.)

Romingi ni ukishafika Dubai, Maskati, Jeddah, na huko ndiko limiti inakochelewa. Ukipiga simu ukiwa Dubai, aliyekuhudumia ni mtandao wa kule. Yeye ndiye anayeandika, na anaweza kuiletea kampuni yako hesabu baadaye. Upo utaratibu wa kimataifa unaotaka taarifa za awali zifike ndani ya saa 4, na ulianzishwa kwa ajili ya kupambana na utapeli, si kwa ajili ya mhasibu wako. Saa 4 za mtu mwenye maneno mengi ni pesa nyingi. Ipo mitambo inayoiwezesha kampuni ya nyumbani kuidhibiti simu papo hapo, lakini inategemea makubaliano ya kampuni mbili hizo, na hayo kwenye mkataba wako hayamo.

Ajabu ni kwamba watu wanaogopa data na kuzidharau simu. Data ya romingi kwa kawaida inarudi kwanza kwenye mitambo ya kampuni yako ya nyumbani ndipo iende intaneti, kwa hiyo kampuni inaiona inapopita na inaweza kuikata. Simu ya sauti ndiyo inayobaki kule na kuja kwenye bili baadaye. Na kupokea nako kunaweza kulipiwa! Wanaokwenda Umra, ndugu wote wa Pemba wanapiga kuuliza mmefika salama, na kila "alhamdulillah" inahesabiwa.

Kisha anakuja aliyesoma mtandaoni: "Sheria inasema wanikatie nikifika euro 50." Inasema, ndiyo. Ni ya Umoja wa Ulaya, tangu 2010, ni euro 50 kabla ya kodi, na onyo linakuja ukifika asilimia 80. Ni ya data ya romingi, si ya simu za sauti. Uingereza nao, tangu Oktoba 2018, kampuni zinalazimika kumpa anayesaini au kuongeza mkataba nafasi ya kujiwekea kikomo cha bili. Binamu yako akishuka uwanja wa ndege wa Karume na laini ya London, kikomo chake kiko kwa kampuni yake ya London. Wewe na laini yako ya hapa, sheria hizo zisome tu kama habari za nje.

Nina mashaka yangu pia. Sina hakika kwamba limiti ya kukata ni bora kuliko ya onyo. Chukua nahodha wa boti ya wapiga mbizi, yuko Mnemba na wageni, laini yake imekatwa kwa sababu jana alimtumia mpwa wake video. Kwa kawaida ataweza kupokea simu na kupiga 112 ya dharura, lakini kumpigia fundi wa mashine hawezi. Kwa hiyo laini za manahodha naziombea onyo linalokwenda kwa watu wawili, na romingi naifunga kabisa. Za ofisini naomba zikatwe. Wahasibu hawapendi mpango huu. Jengine linalonitia shaka: mfanyakazi akijua limiti yake, huanza kuiona kama haki yake, na aliyekuwa akitumia nusu anaijaza. Nawashauri wasiitangaze, na hapo tena wanaokatwa ghafla wananitukana mimi.

Mkiomba, ombeni kwa maandishi: namba gani, kiasi gani, ya kukata au ya onyo, inahesabu nini, romingi imo au haimo, na nani apelekewe meseji. Jibu nalo litakeni kwa maandishi. Limiti iliyokubaliwa kwa mdomo na isiyoonekana popote kwenye akaunti nimeshaikuta zaidi ya mara moja, na aliyelipa ni hoteli.