OpenFOAM kwa anayeanza: usikimbilie kaushio lako, anza na kisanduku

Vijana wengi wanaokuja idarani kwetu hapa Arusha wanakuja na wazo lao tayari, mmoja anataka kujua hewa inavyopita ndani ya kaushio la jua la ndizi na mboga, mwingine ana banda la kuku linachemka mchana, mwingine ametengeneza jiko banifu ila moshi hautoki kama alivyotarajia, na wote wameshasikia kwamba kuna programu ya kompyuta inakuonyesha hewa au maji yanavyokwenda kabla hujanunua hata bati moja. Ipo kweli, na ni bure, inaitwa OpenFOAM. Shida ni kwamba karibu wote wanaanza kwa kuchora kaushio zima siku ya kwanza, linakataa, wanahangaika nalo wiki kadhaa afu wanaachana nalo kabisa. Inaniuma kwa sababu hao hao wangeweza kufika mbali wangeanzia sehemu nyingine.

Kwanza tuelewane inafanya nini. Mwendo wa hewa na maji una milinganyo yake, Navier wa Ufaransa aliitoa mwaka 1822 na Stokes akaiweka vizuri 1845, na mpaka leo inabeba majina yao, ila kwa umbo lolote la kawaida huwezi kuitatua kwa kalamu. Kwa hiyo kompyuta inaikata nafasi yote ya ndani vipande vidogo vidogo vinaitwa seli, zote kwa pamoja ndo meshi, na kwa kila seli inahesabu kimeingia kiasi gani na kimetoka kiasi gani, inarudia na kurudia hadi namba zitulie. Ni kujumlisha na kutoa kwingi sana, basi. Na kwa sababu ni hesabu tu haijui kama ulichoipa kina maana, ukiipa data mbovu itakutolea picha nzuri yenye nyekundu na bluu kama kawaida, ndo maana mtu anayeanza anatakiwa aanze na tatizo ambalo jibu lake linajulikana tayari.

OpenFOAM ilianzia Imperial College London mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2004 ikatolewa wazi kwa leseni ya GPL, yaani unaishusha, unamkopia mwenzako, unafungua msimbo wake ulioandikwa kwa lugha ya C++ na kuubadilisha, hakuna wa kukudai. Kitu cha kuwa nacho makini ni kwamba sasa hivi kuna matawi mawili makubwa: la OpenFOAM Foundation lenye matoleo ya namba kama 11 na 12, na lile la OpenCFD lenye matoleo ya mwaka na mwezi kama v2312, yaani Desemba 2023. Yanafanana sana lakini si yale yale, kuanzia toleo la 11 tawi la Foundation limebadilisha hata jinsi ya kuita solva, yaani programu ndogo inayofanya hesabu yenyewe, wanatumia foamRun, kwa hiyo ukifuata somo la tawi moja huku umeinstoli lingine utakutana na eror ambazo si kosa lako. Chagua moja, baki nalo.

Inataka Linux. Kama laptopu yako ni ya Windows usiifute, washa WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux ndani yake, weka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, humo ndani, afu instoli kama maelekezo ya tawi lako yanavyosema. Bando litaenda kidogo, kwa hiyo kama uko karibu na chuo chenye intaneti nzuri fanyia huko, na uchukue na ParaView hapo hapo maana ndo ya kutazamia majibu. Laptopu ya RAM ya GB 8 inatosha kabisa kuanzia, kwa makadirio ya haraka haraka seli milioni 1 zinakula GB 1 hadi 2, na wewe kwa miezi ya mwanzo hutafika huko.

Sasa kisanduku. Kwenye foda la tutorials, kwenye mifano ya icoFoam, kuna kesi (yaani foda lenye tatizo moja kamili) inaitwa cavity, ikopi kwenye foda lako usiharibu ile ya asili. Ni mraba wa mita 0.1 kwa 0.1 uliojaa kimiminika, kuta tatu zimetulia na kifuniko cha juu kinateleza kwenda kulia kwa mita 1 kwa sekunde, kwa hiyo kimiminika kinavutwa na kuanza kuzunguka. Ndani utakuta mafoda matatu na haya utayaona kwenye kila kesi ya maisha yako: 0 ni hali ya mwanzo na mipaka, kasi na presha kwenye kila ukuta, constant ni sifa za kimiminika chenyewe, na system ni maagizo ya kuhesabu. Unaandika blockMesh inakata meshi, checkMesh inakagua meshi (usiiruke hii hata siku moja), afu unaita solva, kwa kesi hii icoFoam. Inaisha ndani ya sekunde chache. Watu wengi wakishaona ule mzunguko kwenye ParaView wanapiga skrinshoti na kuhamia kwenye kaushio. Hapana, kaa hapo hapo, kisanduku hiki kina mengi sana.

Angalia faili la controlDict ndani ya system, hatua ya muda ni sekunde 0.005. Meshi ina seli 20 kwa 20, kwa hiyo seli moja ina upana wa mita 0.005, na kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde kimiminika kinavuka seli moja kamili kwa hatua moja, hiyo ndo namba ya Courant na hapa ni 1. Sasa ongeza seli ziwe 40 kwa 40 bila kugusa muda, Courant inakuwa 2, na kwa solva hii 1 ndo mpaka wa kutokuvuka. Panda hadi 80 uone. Namba zikianza kupaa au hesabu ikilipuka kabisa na kukuandikia floating point exception usiogope, hakuna kilichoharibika kwenye kompyuta, punguza hatua ya muda ndani ya controlDict, 0.0025 kwa seli 40, 0.00125 kwa seli 80, rudia. Mtu aliyewahi kulipua kesi kwa makusudi anajua pa kuangalia kaushio lake litakapolipuka.

Halafu badilisha mnato, nu, toka 0.01 kwenda 0.001 na muda wa mwisho uwe sekunde 2. Namba ya Reynolds, yaani kasi mara upana gawanya kwa nu, inatoka 10 inakuwa 100, na hapo unapata bahati kubwa, kwa sababu mwaka 1982 mtafiti Ghia na wenzake walichapisha majedwali ya kasi ya kisanduku hiki hiki. Ukishuka kwenye mstari wa katikati toka juu hadi chini, mahali kimiminika kinarudi nyuma kwa nguvu zaidi kasi yake ni karibu 0.21 ya kasi ya kifuniko. Toa yako kwa meshi ya 20, ya 40 na ya 80, zipange pembeni ya hiyo, uone zinavyosogea. Zikiacha kusogea, meshi yako inatosha. Kwangu mimi zoezi hili moja lina faida kuliko picha kumi za pikipiki inayopuliziwa upepo.

Baada ya hapo nenda kwenye bomba, maana bomba unaweza kulihesabu kwa mkono. Maji kwenye bomba la milimita 20 yakienda mita 0.02 kwa sekunde, Reynolds ni 400, yametulia, na presha inayopotea ni paskali (Pa) 1.6 kwa kila mita. Pima mbali na mlango, karibu mita 0.4 za mwanzo mtiririko bado unajipanga. Sasa ukifungua majibu utaona presha inashuka 0.0016 kwa mita, si 1.6, na wengi hapa wanadhani wamekosea wanaanza kubadili kila kitu. Hujakosea. Solva za vitu visivyobanika zinaandika presha ikiwa imeshagawanywa kwa densiti, kwa hiyo zidisha kwa 1000 ya maji, unapata 1.6 yako.

Hapo kwenye densiti sisi watu wa kaskazini tusikilizane vizuri. Vitabu na masomo mengi ya mtandaoni yanakupa densiti ya hewa 1.2, hiyo ni ya usawa wa bahari, ya Tanga na Dar. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu, na kwa nyuzi 20 hewa yetu ni kama kilo 1.02 kwa mita ya ujazo, pungufu kwa asilimia 15 hivi, na nu yake inapanda toka 1.5e-5 (yaani 0.000015) kwenda karibu 1.8e-5. Moshi mjini iko chini yetu kwa hiyo yenyewe inaangukia katikati. Ukichagua feni ya kaushio kwa namba za pwani, ile hewa ya kubeba unyevu haitafika kiasi ulichohesabu na ndizi zitaota ukungu wakati kwenye kompyuta zilikauka.

Kuhusu umeme, simulesheni ndefu ikiwa katikati na umeme ukakatika si lazima uanze upya. Kwenye controlDict weka startFrom iwe latestTime, na writeInterval iwe fupi kiasi, itaendelea toka ilipoandika mara ya mwisho. Ukihofia diski kujaa tumia purgeWrite, inabakiza matokeo machache ya mwisho tu.

Ukifika hapo kaushio linakuja lenyewe, ila lianze likiwa mstatili mtupu, mlango wa hewa chini na tundu la kutokea juu, bila trei, bila ndizi. Hewa inayopanda kwa joto inataka solva za mvutano na joto, kama buoyantSimpleFoam kwa tawi la OpenCFD, na hizo hazitulii haraka. Ongeza trei moja, endesha, angalia kama hewa inayoingia na inayotoka kwa uzito inalingana, ndo uongeze ya pili. Na kabla hujaniletea picha, chukua temomita mbili za bei rahisi, ning'iniza moja mlangoni na nyingine kwenye tundu la juu la kaushio halisi saa saba mchana, uje na namba hizo pamoja na foda zima la kesi yako, tutakaa tulinganishe.