Mfumo wa sifa wa taifa: ngazi ya kupandia katika umri wowote

Alipoketi mbele yangu mara ya kwanza alikuwa amechomelea vyuma kwa zaidi ya miaka 20. Mikono yake ilikuwa na makovu madogomadogo ya cheche. Alikuja na bahasha yenye barua mbili za waajiri wa zamani na picha za matangi aliyoyaunda. Shule aliiacha mapema. Sasa alitaka kusomea ukaguzi wa maungio ya vyuma, na kila alikobisha hodi aliambiwa aanze na kozi ya awali ya kuchomelea, akae darasa moja na vijana wa aina ile ile anaowafundisha kazini kila siku.

Kazi yangu ni kutathmini ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Siku ya tathmini tulimpa vipande viwili vya bamba la chuma, akaviunga. Tukakata ukanda mwembamba unaopita katikati ya maungio, tukauweka kwenye mashine na kuukunja mpaka ukawa kama herufi U. Haukupasuka popote. Kisha nikamuuliza kwa nini vijiti vya kuchomelea vyenye haidrojeni kidogo hutunzwa kwenye oveni. Akajibu, "Vikipata unyevu vinasumbua."

Ni kweli, lakini kwa mkaguzi jibu hilo halitoshi. Unyevu ulioingia kwenye ganda la kijiti hutoa haidrojeni wakati wa kuchomelea, haidrojeni hiyo huzama kwenye chuma kilichopata moto, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baadaye, chini ya maungio ambayo kwa macho ni mazima kabisa. Asiyelijua hilo anaweza kukagua mapema mno na kupitisha kazi mbovu.

Kwa hiyo tuliyemwona siku ile alikuwa fundi kamili wa mkono, mwenye pengo la nadharia la kujazwa kwa wiki chache. Asingehitaji miaka miwili ya kozi ya awali. Kuweza kulisema hilo kwa maandishi, kwa lugha ambayo chuo, mwajiri na mamlaka ya mafunzo wote wanaielewa na kuikubali, ndiko ninakouona umuhimu wa mfumo wa sifa wa taifa, yaani mpangilio wa nchi unaoweka vyeti na ujuzi wa watu kwenye ngazi. Watu wengi wanaudhania kuwa jedwali la kupanga vyeti. Mimi nauona kuwa ahadi kwamba ulichokijua tayari hutalazimishwa kukirudia.

Nieleze kidogo unavyofanya kazi. Nchi inaamua idadi ya ngazi, kuanzia ujuzi wa msingi kabisa hadi uzamivu. Scotland ina ngazi 12. Kenya, Afrika Kusini na Ireland zina 10. Mfumo wa Ulaya ulioanzishwa mwaka 2008 ili kulinganisha mifumo ya nchi mbalimbali una 8. Idadi yenyewe haina uzito sana. Uzito uko kwenye maelezo ya kila ngazi, ambayo husema mtu wa ngazi hiyo anajua nini, anaweza kufanya nini, na anaweza kuaminiwa kufanya nini bila kusimamiwa. Soma maelezo hayo kwa makini utaona kuna jambo halimo: hayataji umri wako, wala mahali uliposomea.

Hapo ndipo kujifunza kwa maisha yote kunapopata nafasi. Zamani cheti kilieleza ulikaa wapi na kwa muda gani. Ukipima matokeo ya kujifunza badala ya muda wa kukaa, aliyejifunzia darasani, aliyejifunzia kazini na aliyejifunza jioni kwa intaneti wanaweza kupimwa kwa kipimo kimoja. Elimu haina mwisho, tunasema siku zote, lakini kwa miaka mingi vyeti vyetu vilikuwa na mwisho: ukitoka shule bila kimoja, mlango umefungwa nyuma yako.

Afrika Kusini ilikuwa na sababu nzito ya kulitaka jambo hili. Ilipitisha sheria ya mamlaka yake ya sifa mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Ilikuwa na wafanyakazi wengi mno waliokuwa wakiendesha migodi na viwanda huku wakiwa wamenyimwa elimu ya maana kwa sababu ya rangi yao. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa miongoni mwa waliodai kwa sauti kubwa kwamba ujuzi wa watu hao utambuliwe na uwafungulie njia ya kupanda. Nikisikia mtu akiuita mfumo wa sifa mambo ya makaratasi, huwakumbuka wao.

Sehemu ya pili ambayo wengi hawaielewi vizuri ni krediti. Krediti hupima kiasi cha kazi ya kujifunza. Scotland, Afrika Kusini na New Zealand zinatumia hesabu rahisi: krediti 1 ni takriban saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za mazoezi na za kujisomea. Mwaka mzima wa masomo huwa krediti 120, yaani saa 1,200. Vyuo vikuu vya Ulaya vinahesabu krediti 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa kati ya saa 25 na 30. Ngazi inakwambia somo ni gumu kiasi gani, krediti inakwambia ni kubwa kiasi gani. Ukikosa moja, huwezi kulinganisha chochote.

Mchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu anayelazimika kuacha masomo ili amuuguze mzazi. Amefaulu mitihani yote ya mwaka huo. Pasipo krediti, jina lake linabaki kwenye orodha ya walioacha, basi. Anaporudi baada ya miaka sita anaambiwa aanze upya. Penye krediti, amebeba 120 zake. Scotland hata inayo tuzo kamili (yaani sifa rasmi) kwa kiwango hicho, cheti cha elimu ya juu cha ngazi ya 7, kwa hiyo anaondoka na kitu mkononi, na akirudi kuna pa kuanzia. Nasema "pa kuanzia" kwa makusudi. Chuo kinachompokea bado kina haki ya kuangalia kama alichosoma kinaendana na programu yake na kama hakijapitwa na wakati, hasa kwenye fani za afya na teknolojia. Ila kinapaswa kutoa sababu. Kujibu "hatupokei krediti za nje" na kufunga faili hakutoshi.

Majibu ya namna hiyo nimekutana nayo. Niliwahi kumsindikiza kwa barua mhitimu wa stashahada ya ufundi aliyetaka kujiunga na shahada ya fani ile ile. Kwenye mfumo njia ilikuwepo, imechorwa wazi. Chuo kikamkataa kwa hoja kwamba hakupitia sekondari ya juu. Nililala vibaya usiku ule. Mfumo wa sifa usiowaunganisha watu wa ufundi na watu wa taaluma unabaki kuwa ngazi mbili zilizosimama kando kando, na anayepanda ile ya ufundi anafika juu akakuta hakuna daraja. Ukitaka kujua kama mfumo wa nchi unasaidia kujifunza maishani, usihesabu ngazi zake. Uliza ni wangapi waliovuka daraja hilo mwaka jana.

Utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini una sura nyingi duniani. Ufaransa iliuweka kwenye sheria mwaka 2002: mtu mwenye uzoefu wa miaka 3 wa kazi aliweza kuomba shahada au cheti kamili kwa kuuthibitisha uzoefu huo mbele ya jopo. Mwaka 2016 sharti likashushwa hadi mwaka 1, na sheria ya mwaka 2022 ikaliondoa. Umoja wa Ulaya mwaka 2012 ulizishauri nchi zake kuupanga mchakato huu kwa hatua nne: kuutambua ujuzi, kuuwekea kumbukumbu, kuutathmini, na kuutolea cheti. Kwa uzoefu wangu hatua ngumu kuliko zote ni ile ya kwanza, kwa sababu watu hawajui wanachokijua. Mwulize mlezi wa wazee anafanya nini, atakujibu, "Namsaidia tu bibi." Ukimwomba akusimulie siku yake saa kwa saa, inatokea kwamba anapanga ratiba ya dawa, anatambua dalili za upungufu wa maji mwilini, anamgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulala, na anaandika kumbukumbu zinazosomwa na muuguzi. Yote hayo yana mahali pake kwenye mfumo. Sijawahi kuchoka na mazungumzo hayo.

Kuna pia tuzo ndogo. Si kila mtu mzima anataka stashahada nzima. Mwingine anataka moduli moja ya usalama wa kemikali au ya uhasibu wa kompyuta, na Jumatatu arudi kazini. Ireland, tangu ilipoanzisha mfumo wake mwaka 2003, ina nafasi ya tuzo kuu, tuzo ndogo, tuzo za nyongeza na tuzo za kazi maalumu, zote zikiwa na ngazi. Kozi fupi ikishakuwa na ngazi na krediti, inaweza baadaye kuwa tofali la jengo kubwa zaidi. Isipokuwa nazo, inabaki karatasi ya kutundika ukutani.

Sitaki mtu adhani kwamba kuandika mfumo kunatosha. Leo nchi zaidi ya 150 zina mfumo wa sifa au zinaujenga, na si wote unaofanya kazi. Afrika Kusini yenyewe ilijifunza kwa gharama: ziliandikwa maelfu ya viwango vya umahiri, vingi havikuwahi kutumika darasani hata mara moja, na sheria ikabidi iandikwe upya mwaka 2008. Mfumo haufundishi. Wanaofundisha ni walimu, na wanaopima ni watathmini waliofunzwa. Tathmini ikiwa ya ovyo, waajiri wataacha kukiamini cheti cha utambuzi, na watakaoumia kwanza ni wale wale tuliotaka kuwasaidia. Kwa sababu hiyo nilimkunjia fundi wangu bamba lake, na nilimuuliza kuhusu haidrojeni ingawa niliona wazi kwamba anaijua kazi.

Alisoma nadharia aliyopungukiwa kwa moduli mbili za jioni, akatambuliwa kwa ngazi kamili ya ufundi, na akapokewa kwenye mafunzo ya ukaguzi.

Kama nawe unafikiria kuomba utambuzi, anza leo kukusanya ushahidi. Barua inayosema wewe ni mwaminifu na mchapakazi hainisaidii sana. Inayosema ulichomelea mabomba ya mvuke kwa miaka minne, na kazi yako ilikaguliwa na nani, inanisaidia mno. Picha ziwe na tarehe, na uonekane ukifanya kazi. Hifadhi michoro, ratiba na ripoti ulizoandika, mradi si siri za mwajiri. Na kama mwajiri wa zamani hapatikani tena, usikate tamaa. Tathmini ya vitendo iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Kabla ya siku yenyewe, mtathmini anapaswa kukueleza kitakachopimwa, vifaa utakavyopewa, na namna ya kukata rufaa usiporidhika na matokeo.