Derivativu ya 2026 ya sin x bila kupita hatua 2026

Ukiulizwa derivativu ya 2026 ya sin x, yaani kutafuta derivativu (kasi ya badiliko la funksheni) mara 2026 mfululizo, weka kalamu chini kwanza. Ya kwanza ni cos x, ya pili −sin x, ya tatu −cos x, na ya nne ni sin x tena. Hatua nne zikipita umerudi ulipoanzia, kwa hiyo 2026 yenyewe haina uzito. Chenye uzito ni baki lake ukiigawanya kwa 4. Na kwa kuwa 100 hugawanyika kwa 4 bila baki, tarakimu mbili za mwisho zinatosha. Ukigawanya 26 kwa 4, baki ni 2. Jibu: −sin x.

Mimi hupenda zaidi sababu yake. Kila derivativu huisogeza grafu ya sini kushoto kwa π/2, yaani robo ya mzunguko wa 2π. Ndiyo maana derivativu ya n ni sin(x + nπ/2). Kosini nayo ni vivyo hivyo: cos(x + nπ/2).

Wengi hukwamia kwenye sin 3x. Mzunguko upo palepale, ila kanuni ya mnyororo (kuzidisha kwa derivativu ya kilichomo ndani, hapa 3x) hutoa 3 nje kila hatua, na hizo 3 huzidi kulimbikizana. Derivativu ya 50 ni −3⁵⁰ sin 3x. Basi tenganisha kinachozunguka na kinachokua, kila kimoja ukihesabu peke yake. Ukikutana na sin²x, igeuze kwanza iwe (1 − cos 2x)/2. Derivativu yake ya 50 ni 2⁴⁹ cos 2x. Ukiishambulia bila kuigeuza, utazama kwenye vipengele.

Halafu kuna derivativu ya 100 ya x sin x, swali zuri kweli! Kanuni ya Leibniz ya zao la funksheni mbili inatisha kwa urefu, lakini derivativu ya pili ya x ni sifuri, hivyo vinasalia vipengele viwili tu: x mara derivativu ya 100 ya sini, kujumlisha 100 mara ile ya 99. Baki la 99 ni 3, kwa hiyo tunapata x sin x − 100 cos x.

Usiipeleke mbinu hii kwa tan x. Derivativu yake ya kwanza ni 1 + tan²x, ya pili 2 tan x + 2 tan³x, na kipeo cha juu huongezeka kwa 1 kila hatua. Haina mzunguko wa kutafutia baki.