Kitenge hicho si pamba, hata kama muuzaji ameapa

Jumamosi nimeletewa tena. Mama mmoja kashuka kwenye daladala ya Igoma na kitenge doti moja, anataka gauni la harusi ya binti wa dada yake. Kabla sijakikunjua akaniambia: "Fundi, hii pamba tupu. Angalia inavyong'aa, na haijikunji."

Jamani. Kung'aa na kutojikunja ndizo dalili mbili zinazonifanya nishuku kwamba si pamba. Pamba hujikunja. Kalia gauni la pamba nusu saa, ukiinuka nyuma kumejaa mistari. Bana ukingo wake kwa kucha, mkunjo unabaki pale pale, na ndiyo maana mafundi tunaipenda: pindo linatii hata kabla ya pasi. Poliesta unaibana, unaachia, inafunguka.

Nikachomoa uzi mmoja ukingoni, nikawasha kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake hupukutika ukiligusa. Ule wa mama ulijikunyata moto ulipoukaribia, ukayeyuka, ukaacha kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini. Hiyo ni plastiki. Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli.

"Lakini muuzaji ameniapia." Ameapa kwa sababu naye aliapiwa alikonunua.

Kinachoniuma ni kwamba tuko Usukumani. Kuanzia Magu hadi Kwimba watu wamesomesha watoto kwa pamba, mjini tuna Barabara ya Pamba, hata timu yetu ya mpira ni Pamba. Basi mtu anaona kila kitambaa kinachouzwa Mwanza lazima kiwe pamba. Sehemu kubwa ya pamba yetu ikishachambuliwa hufungwa marobota na kusafirishwa nje bila kufumwa. Maua yaliyochapwa kwenye kitenge hayakwambii chochote kuhusu uzi.

Na tofauti utaivaa mwilini. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifikishi hata 1. Jasho la saa nane mchana hapa Mwanza halinywewi na nguo, linabaki mgongoni kwako.

Hata hivyo kiberiti nacho hudanganya. Viskosi, ile laini inayomwagika vizuri mwilini, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, huwaka na kunuka karatasi kama pamba kabisa. Mwaka mmoja nilimhakikishia mteja kuwa kitambaa chake ni pamba, nikashona gauni la kubana, kumbe ni viskosi, likachanika ubavuni alipolifua mara ya kwanza. Lile kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile naulowesha uzi kwa mate kisha nauvuta: pamba ikilowa huongezeka nguvu, viskosi ikilowa hukatika kirahisi. Mchanganyiko wa pamba na poliesta ndio unaonisumbua mpaka leo. Unaacha jivu na vitone kwa pamoja, na hakuna fundi atakayekwambia kwa kiberiti kama pamba ni nusu au robo. Anayekutajia asilimia anabahatisha.

Poliesta ina kazi yake. Sketi ya shule yenye marinda naishona kwa poliesta bila kusita, marinda yanakaa mwaka mzima na rangi haichuji upesi. Shida ni kulipia pamba ukapewa kingine.

Wanaonunua kwa picha za simu wananitesa zaidi, maana uzi wa kwenye picha hauchomoleki. Mwambie muuzaji akutumie kipande kidogo kabla hujalipa. Mitumba ya soko la Mlango Mmoja mara nyingi ina lebo ndani, ubavuni. Wadogo zangu, geuzeni nguo mwisome, msikimbilie jina la kampuni shingoni.

Mama yule hakuweza kurudisha kitenge, muuzaji ameshakikata. Tukakubaliana: bila bitana, mikono mipana, kwapa limeshushwa vidole viwili ili hewa ipite. Pasi nitapiga ya moto mdogo, juu ya kitambaa kingine. Anakuja kujaribu Alhamisi.