"Si mliniwekea chuma?"

"Daktari, si mliniwekea chuma?" Nimeulizwa tena wiki iliyopita, na mzee aliyerudi kliniki ameshika kiuno, miezi mitano tangu tumuunganishe pingili mbili (mifupa ya uti wa mgongo) za chini ya mgongo, moja ikiwa imeteleza. Maumivu ya mguu yalikuwa yamekwisha, basi wiki ya sita akarudia sigara, na ya kumi akaanza kubeba mizigo. Kwenye eksirei, skrubu mbili za chini zilikuwa zimezungukwa na duara jeusi. Zimelegea.

Chuma hakitibu pingili iliyoteleza. Kinachotibu ni mfupa. Skrubu na fito zake ni kama mbao zinazoshikilia zege mpaka ikomae. Mfupa tunaopandikiza, mara nyingi kutoka nyonga yako mwenyewe au vipande tulivyoondoa tulipokuwa tukipanua njia ya neva, ndio unaopaswa kuota mpaka pingili mbili ziwe kitu kimoja. Hilo huchukua miezi 6 hadi mwaka, pengine zaidi. Mfupa usipounga, chuma hubeba mzigo peke yake kila unapoinama na kila unapoinuka. Na chuma nacho huchoka. Kunja waya huku na huku, mwisho utakatika.

Mguu kuacha kuuma kunaonyesha kwamba neva imepata nafasi, basi. Hakusemi lolote kuhusu mfupa. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanaponiponyoka: wanajisikia wazima miezi mingi kabla mfupa haujashika.

Ndiyo maana nakazania sigara mpaka watu wananichoka. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa mchanga, na wavutaji hukosa kuunga mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Ugoro una nikotini, na sigara nyingi za kielektroniki pia, kwa hiyo usiniambie umebadilisha. Sukari isiyodhibitiwa nayo huchelewesha. Badala ya kuniuliza aina ya chuma, niulize utembee kiasi gani: kila siku, ukiongeza kidogo kidogo. Hiyo ndiyo dawa ninayoiamini kuliko mkanda wowote wa kiuno.

Mengine nayajibu kwa ufupi.

"Kila pingili iliyoteleza lazima iunganishwe." Hapana. Wengi hawahitaji kisu kabisa. Hata wanaokihitaji, utafiti wa Norway uliotolewa mwaka 2021, wenye wagonjwa 267 ambao pingili zao ziliteleza kwa uchakavu, ulionyesha kuwa baada ya miaka 2 waliopanuliwa njia ya neva tu hawakuwa nyuma ya waliounganishwa pia. Pingili inayochezacheza, au iliyopasuka upinde wake, yaani mfupa wake wa nyuma, ni habari nyingine.

"Nitakuwa mpya." Mguu hupona vizuri kuliko kiuno. Watu wazima wenye mpasuko wa upinde waliounganishwa pingili na kufuatiliwa Sweden kwa wastani wa miaka 9 walipoteza sehemu ya nafuu ya mwanzo, lakini bado walijiona wako afadhali kuliko waliopewa mazoezi pekee.

"Vyuma vimeniharibia pingili ya juu." Jirani wa pingili zilizounganishwa hubeba mzigo zaidi, ni kweli, ila naye alikuwa anazeeka. Baada ya miaka, picha huonyesha uchakavu kwa watu wengi kuliko wale wanaohitaji kupasuliwa tena.

"Sitainama tena." Tumeunganisha pingili mbili tu; sehemu kubwa ya kuinama hutoka kwenye nyonga. Na vyuma havitolewi, isipokuwa vimelegea, vinauma au kuna maambukizi.

Yule mzee tumempiga picha ya CT. Upande wa kushoto daraja la mfupa limeanza kuvuka, kulia kuna ufa mweusi kama uzi. Pakiti ya sigara aliiacha mezani kwangu. Tutapiga tena baada ya miezi mitatu. Ufa ukiwa bado upo na kiuno kinauma, itabidi tumrudishe chumba cha upasuaji, na upasuaji wa marudio mara nyingi haufikii matokeo ya ule wa kwanza.