Mstari unapomezwa na kitenge: kutia alama kwenye mfarishi wa viraka

Kuchora mistari ya kushona kwenye mfarishi mweupe, yaani tandiko lenye kitambaa juu, pamba katikati na bitana chini, hakuna shida. Kazi iko kwenye vitenge. Kiraka hiki ni cha njano, kinachofuata cha nili, cha tatu kina maua makubwa kama sahani, na mstari mmoja unatakiwa upite juu ya vyote na uonekane. Chaki nyeupe inang'aa kwenye nili, ikifika kwenye njano inapotea.

Kabla ya lolote, fua. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, na chaki huteleza juu yake ikapukutika kabla sindano haijafika. Kikishafuliwa, hata kile kipande chembamba cha sabuni kavu wanachotumia mafundi cherehani kinashika vizuri kwenye rangi za giza, na maji yanakiondoa chote. Lakini jaribu pembeni ya kila kitambaa kilichomo, si kimoja tu.

Kalamu zinazofutika kwa pasi nimeziacha kabisa. Nilimshonea shangazi yangu aliyeko Toronto mfarishi, nikauchora kwa kalamu hiyo, nikaupiga pasi, ukawa safi. Januari ukalala ndani ya gari usiku mmoja, asubuhi mistari yote imerudi. Joto haliuondoi wino ule, linaificha rangi yake tu, na baridi kali inairudisha. Zile za buluu za kufutika kwa maji nazo zina sharti lake: ukizipiga pasi kabla ya kuziloweka, alama inaganda.

Mchoro wenye mizunguko mingi nautoboa. Nauchora kwenye karatasi, naipitisha chini ya sindano ya cherehani isiyo na uzi, kisha nafunga unga wa chaki kwenye kitambaa chepesi na kugongagonga juu ya matundu. Vinabaki vitone vya kufuata. Vitone hivyo havidumu, kwa hiyo nagonga unga na kushona sehemu moja moja.

Ila niseme ninaloliamini: mchoro mwembamba juu ya kitenge chenye maua ni jasho la bure, maana hata ukishonwa vizuri hakuna atakayeuona. Uweke kwenye viraka visivyo na maua. Kwingine, acha kuchora, geuza mfarishi.

Bitana langu huwa ni kanga. Moja ina kama sentimita 150 kwa 110, inatosha mfarishi wa mtoto. Wa mtu mzima naunga doti nzima. Kabla ya kupiga bandi, yaani kushikiza tabaka kwa mishono ya muda, nachoma pini kwenye pembe nne kutoka juu hadi chini, ili pindo la kanga lilingane na ukingo wa viraka. Kisha nashona upande wa kanga ukiwa juu: nazunguka pindo, naingia kwenye mji, nafuata embe na korosho zilizochapwa tayari. Sijatia alama hata moja, wala hakuna cha kufuta. Kumbuka tu kwamba uzi wa bobini, ule wa chini ya cherehani, ndio utakaoonekana juu ya vitenge, kwa hiyo rangi uliyoichagulia vitenge iweke huko.

Jina la kanga silipitishii sindano. Kisanduku chake ni chembamba, pamba haitahama kwa kuachwa hapo, na mwenye mfarishi akiugeuza atalisoma.